Nilikuwa fundi wa "njoo kesho"

Usiku ule watu wako nje wanaangalia mwezi, watoto wanapiga kelele barabarani, na mimi niko ndani ya kibanda changu hapa Kisauni, Mombasa, naomba Mungu mwezi usionekane. Naomba kwa dhati kabisa, mikono juu. Wenzangu wamechoka kufunga, wanataka Idi, na mimi nataka siku moja zaidi ya kufunga kwa sababu nimekalia nguo 61 za watu, zilizokwisha ni 34, na 9 katika zilizobakia sijazitia hata makasi.

Mwezi ukaonekana.

Saa tano za usiku kulikuwa na watu kama kumi na tano mlangoni, wengine wanapiga simu, nikaizima. Mama mmoja wa mtaani kwetu alikaa pale kizingitini, hakupiga kelele hata kidogo. Alileta vitambaa vya watoto wake watatu tangu Ramadhani haijafika kumi, na kila akija namwambia "mamangu njoo kesho" na yeye anarudi kesho. Saa saba akanyanyuka akaniambia, "Mwanangu, ungenambia huwezi ningekwenda Biashara Street nikawanunulia za tayari. Hukunambia." Akachukua vitambaa vyake, bado vimekunjwa vilevile alivyovileta, akaenda zake.

Nimeamua kuandika haya kwa sababu naona vijana wengi siku hizi wanaingia kwenye hizi kazi za mikono, ushonaji, saluni, useremala, kupika keki, na wote wanaambiwa kitu kimoja, fanya bidii, kuwa na bidii, lala kidogo. Mimi nataka kuwaambia usiku ule wa mwezi sikuwa mvivu. Nlikuwa naamka saa kumi, daku nakulia kwenye cherehani, na mpaka saa sita usiku niko palepale, miguu imevimba. Bidii nlikuwa nayo mpaka inamwagika. Na bado niliharibia watoto watatu Idi yao, na sio wao peke yao.

Sasa nirudi nyuma kidogo.

Kazi nilijifunza Majengo, mwaka 2009, nimemaliza fomu foo na nyumbani hakuna pesa ya kunipeleka chuo. Kulikuwa na mzee ana cherehani tatu barazani, sote twamwita Ami, mpaka wateja wake wazee kumshinda yeye nao wamwita Ami. Kwa siku ananipa shilingi 100 na chakula cha mchana. Na kazi yangu miezi minne ya kwanza ilikuwa moja tu, kupinda leso.

Ambaye si wa huku pwani pengine hajui, leso hununuliwa doti, vipande viwili vimeshikana, lazima ukate katikati halafu upinde zile pande zilizokatwa. Ni mshono ulionyooka, basi, hakuna chengine. Mtoto aweza. Ndio maana nilikuwa nachukia, nilikuja kujifunza kushona kanzu na magauni ya bibi harusi na huyu mzee ananipindisha leso mwezi wa kwanza wa pili wa tatu. Nikasema huyu ananitumia.

Ami alikuwa na tabia moja, ukimpa nguo haitazami mbele, anaigeuza anatazama ndani. Akiona uzi unaning'inia, au pindo limenenepa hapa limekonda pale, haongei, anachukua wembe anafumua wote, mwanzo mpaka mwisho, anakurudishia. Siku moja tulikuwa na doti 20 za sare ya harusi, mimi nimezimaliza nimechoka, na moja katika hizo pindo lilipinda pale pembeni kama nusu inchi. Akaichukua akaanza kuifumua. Nikamwambia, Ami, hizi watu watajifunga siku moja ya harusi usiku, nani ataona? Akanijibu, "Mwenye kuifua."

Nilivyomwelewa wakati ule ni kwamba huyu mzee ni mkaidi. Sikujua kwamba pindo likiwa halijakaa sawa, maji ya kwanza ya pili linavutika, na ya tano linaachia, na yule mama akiwa peke yake uani kwake na beseni ndio anajua fundi wake ni nani.

Vitu alivyonifunza kwenye ile miezi minne ya "kunitumia" mpaka leo ndivyo nakula navyo. Sindano inabadilishwa, haingojewi ivunjike, ikiwa butu inavuta nyuzi za kitambaa na wewe utadhani kitambaa ndicho kibaya. Namba 11 kwa vitambaa vyepesi vya mtandio, 14 kwa kawaida, 16 kwa jinzi na turubai. Kila mshono unapigwa pasi kabla haujakutana na mshono mwengine, usingoje nguo iishe ndio uipige yote, haitakaa. Na cherehani inafutwa vumbi na kutiwa mafuta asubuhi kabla ya kazi, halafu unashona kwanza kwenye kitambara, la sivyo lile tone la kwanza la mafuta litaangukia satini nyeupe ya mtu. Hilo la satini nililijua kwa kulipa.

2013 nikaondoka kwa Ami, nikamwambia nimepata nafasi yangu Kisauni. Hakunizuia, akanipa makasi yake moja. Nikanunua cherehani ya mitumba ya kukanyaga, 14,000, kibanda kodi 3,500 kwa mwezi. Na mimi nikajiambia hapa sasa hakuna wa kunifumulia.

Mambo yalienda vizuri mwanzo, tena vizuri sana, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Nikawa sikatai kazi. Mtu akija na kitambaa nachukua, akiuliza lini namwambia siku anayoitaka yeye. Ijumaa? Ijumaa inshallah. (Hii inshallah yetu mafundi Mungu atatuuliza wallahi, tumeifanya ni jina lengine la hapana.) Nachukua arbuni nusu, na ile arbuni jioni nimeshanunua unga na kulipa deni la duka. Sasa nguo yake ikihitaji zipu na bitana nitoe wapi pesa? Nangoja mteja mwengine aje na arbuni yake ndio ninunulie zipu ya yule wa kwanza. Umeona mambo yanavyokwenda. Watu wanadhani fundi akisema njoo kesho ni mvivu ama ni muongo tu kwa kupenda, hapana, mara nyingi lile ni deni. Ameshakula pesa ya kazi ambayo hajaifanya, na kila siku anafanya kazi ya pesa iliyokwisha liwa zamani. Hata akishona usiku kucha hakuti mbele yake shilingi, yuko nyuma tu siku zote. Na mtu aliye nyuma siku zote haipigi pasi mishono, haibadilishi sindano, hageuzi nguo kutazama ndani. Mimi niliacha yote hayo bila kuamua kuyaacha, moja moja tu, leo hili kesho lile.

Ule usiku wa mwezi nilirudisha vitambaa vya watu na arbuni zao, na ambao sikuwa na arbuni yao niliwakimbia. Ndio, niliwakimbia, wiki mbili nilikaa kwa dada yangu Likoni, kibanda kimefungwa. Sijivunii.

Ungedhani nimekoma. Miezi kadhaa baadaye nikapata oda ya kanzu 40 za watoto wa madrasa, mimi ndio ninunue kitambaa, 650 kila moja, jumla 26,000. Sijawahi kushika kazi kubwa hivo. Nikanunua popilini ya pamba, safi, nyeupe, na kwa sababu walitaka ndani ya siku kumi sikuiloweka. Ami alikuwa haitii makasi pamba mpaka iloweke usiku mzima, ianikwe, ipigwe pasi. Mimi nikasema hiyo ni siku mbili nzima napoteza. Nikakata, nikashona, nikapeleka kwa wakati, mara ya kwanza maishani kwa wakati! nikapongezwa.

Wiki ya pili nikaitwa. Watoto wamepangwa mstari, kanzu zimefuliwa mara moja, zimepanda juu ya vifundo, wengine ziko katikati ya muundi, wako kama wanaovuka maji. Yule ustadhi alitaka kucheka lakini na hasira anazo. Sikuwa na la kusema. Niliuza cherehani yangu kwa 9,000 nikawapa, na zilizobaki nikalipa kidogo kidogo, zilinichukua miezi minane.

Kama kuna kitu kimoja cha kuchukua hapa cha kikazi chukueni hiki. Kabla ya kukata pamba usiyoijua kata kipande inchi 10 kwa 10, loweka, anika, piga pasi, pima. Kikirudi inchi tisa na nusu, basi kwenye kanzu ya mtu mzima ya inchi 56 utapoteza karibu inchi tatu. Kipimo hicho hakigharimu kitu, mimi kutokipima kulinigharimu cherehani.

Sina cherehani sina kazi, jirani akaniambia EPZ wanachukua maopareta. Kwa wasiojua, hizi ni kampuni zinazoshona nguo za kupeleka nje, ziko Changamwe huko na Jomvu na Mtwapa, na wakati ule nyingi ya mali ilikuwa inakwenda Marekani kupitia ile AGOA, sheria ya Marekani ya mwaka 2000 iliyokuwa inaondoa ushuru. Nikaingia moja, jina silitaji. Kazi yangu ilikuwa mfuko wa nyuma wa jinzi. Mfuko wa kulia. Wa kushoto ana mtu wake.

Sitaki kuipamba. Mshahara ni mdogo, joto, vumbi la kitambaa linakuingia mpaka kwenye ndoto, chooni unakwenda kwa ruhusa, na supavaiza wetu alikuwa anapiga kelele kama anayeuza samaki mnadani. Kuna wenzangu waliumwa migongo mpaka leo. Kwa hivo simwambii mtu nenda huko ukajifunze maadili ya kazi, la.

Lakini kulikuwa na kitu sijawahi kukiona, saa. Pale kila kitu kina muda wake. Mfuko mmoja sekunde kadhaa, kwa saa moja mifuko kadhaa, ubaoni imeandikwa tageti na imeandikwa mlichofanya. Mwanzo nikaona utumwa tu. Halafu siku moja niko kwenye matatu narudi nikajiuliza, mimi fundi wa miaka yote hii, dera moja hunichukua muda gani? Sijui. Kanzu? Sijui. Nimekuwa nikiwaambia watu Ijumaa, Ijumaa, na sijawahi kujua Ijumaa yangu ina ukubwa gani.

Jumapili nikaenda kwa Ami kuomba cherehani, nikaweka simu mbele yangu na saa inahesabu. Dera, saa moja na dakika 10. Kanzu ya kawaida na pasi yake, saa tatu na dakika 20. Gauni la mtoto la Idi lenye bitana na marinda, saa nne na kitu. Nikachukua kalamu. Zile nguo 61 za ule mwaka, nyengine fupi nyengine ndefu, weka saa mbili na nusu kila moja, ni saa 152 na nusu. Tangu nilipochukua ile nguo ya mwisho, na zote 61 bado sijazishona, mpaka usiku wa mwezi zilikuwa siku 12. Ukitoa sala, futari na wateja wanaoingia na kutoka, ukapata saa kumi za kushona kweli kila siku, na umefunga, na stima haikatiki (stima ya Kisauni haikatiki!), ni saa 120. Haiwezekani. Ilikuwa haiwezekani tangu siku ile nachukua vitambaa na kutabasamu. Miaka mizima nasema ni shetani, ni husda, ni jicho la watu, kumbe ni hesabu ya darasa la nne.

Nilikaa pale barazani nikawa najionea haya peke yangu. Ami akaniuliza una nini, nikamwambia kichwa.

Halafu 2020 ikaja na mambo yake. Korona, oda za nje zikafutwa, tukaambiwa twende nyumbani tutaitwa. Hatukuitwa. Kuanzia 27 Machi ilikuwa kafyu saa moja usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri, Aprili Mombasa ikafungwa hakuna kutoka wala kuingia, na Mei Mji wa Kale nao ukafungiwa peke yake. Harusi hakuna. Idi nayo ndio ile ya kila mtu kwake. Fundi utamshonea nani?

Barakoa bwana. Kila mwenye cherehani alishona barakoa. Barabarani zilikuwa zinauzwa za kipande kimoja chepesi, ukiziinua juu unaona jua, masikio ya lastiki inayokatika siku hiyohiyo. Mimi nikakaa kwa Ami, macho yake yalikuwa yameshaanza kumtupa mkono, yeye anakata mimi nashona. Tukaloweka pamba kwanza, ndio, kwa barakoa! Safu mbili, na pale puani tukaacha nafasi ya kupitisha waya. Zikawa ghali kuliko za barabarani na siku za kwanza tuliuza kidogo mno, kuna siku tuliuza nne. Nataka niseme ukweli hapa, kazi nzuri haikunilipa haraka, kodi nilidaiwa miezi mitatu na kuna mahali nilijaribiwa sana nishone zile nyepesi.

Kisha mwenye duka la dawa mmoja akataka 200, akauliza lini. Nikachukua kalamu mbele yake nikapiga hesabu, nikamwambia siku nne. Akasema mwengine ameniambia kesho. Nikamwambia basi mchukulie huyo. Roho inaniuma, pesa yaondoka hivi naiona, lakini nikasema hivo. Akaenda. Baada ya siku mbili akarudi, yule wa kesho alikuwa bado anamwambia kesho. Tukampelekea siku ya tatu jioni kabla ya kafyu, Ami amezigeuza zote 200 moja moja, kwa macho yale mabovu, alikuwa anazipapasa kwa kidole.

Nilirudi Kisauni mwaka uliofuata, kibanda chengine si kile. Mambo ninayofanya sasa ni machache na si siri. Daftari moja kubwa, kila nguo ina vipimo, tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka, na masaa yake. Siku ina saa nane za kushona, zikijaa zimejaa, mtu anapewa siku inayofuata yenye nafasi. Arbuni haiingii mfukoni, siku hiyohiyo inanunua uzi na zipu na bitana ya nguo hiyo, inayobaki inakaa kwenye simu kwenye akiba ambayo siigusi mpaka mwenyewe achukue nguo yake. Hili ndilo gumu kuliko yote, wacha nisikudanganye, miezi mitatu ya kwanza nilishindia mihogo na chai ya rangi ili nisiiguse. Kama una deni la arbuni za zamani huwezi kuanza hivi kesho, itabidi kwanza umalize za watu bila kuchukua mpya, na huo ndio wakati mgumu, tafuta hata kazi ya mtu mwengine ikushike. Mimi EPZ ndiyo iliyonishika, pamoja na kelele zake.

Ramadhani nafunga daftari mwezi ukifika 15. Baada ya hapo hata aje nani. Wengine wanakasirika, wananiambia umeanza kuringa, ndugu yangu mmoja hakuongea nami mpaka Idi ya kubwa. Nimepoteza wateja wengi zaidi kwa kusema hapana kuliko niliowapoteza kwa kazi mbovu, sijui kama hilo ni jambo zuri, lakini wale waliobaki wanarudi na watoto wao.

Na bado naharibu. Mwaka jana cherehani iliharibika nikiwa na magauni saba ya dada wa bibi harusi, nikajua sitawahi. Zamani ningezima simu. Nikampigia mwenye oda siku tatu kabla ya harusi, nikamwambia hali ilivyo, haya manne yatakuwa tayari, haya matatu siwezi, ntakurudishia pesa yako sasa hivi. Alinitukana. Alinitukana vizuri sana, kwa Kimvita kile cha ndani ambacho sitakiandika hapa, akaja na tuktuk akachukua vitambaa vitatu akapeleka kwa mwengine. Nilidhani mtu akisema ukweli atashukuriwa. Hapana. Lakini harusi ilifanyika na wote saba walivaa.

Ami alifariki miaka miwili sasa. Makasi yake ninayo, imenolewa mpaka imekonda. Kijana ninayemfunza sasa, mwezi wake wa tatu huu, anapinda leso. Juzi nimemsikia nje anamwambia mwenzake kwenye simu, huyu jamaa ananitumia tu.

Yule mama wa kizingitini bado ni wa mtaa huuhuu. Asubuhi akienda sokoni Kongowea anapita mlangoni kwangu, tunaamkiana, anauliza hali za nyumbani, namjibu, anapita. Watoto wake washakuwa wakubwa. Nguo hajaniletea tena hata ya kukatwa urefu, anampelekea fundi mmoja wa barabara ya juu, na nimesikia huyo naye humwambia njoo kesho.